Mteja Hapatikani kwa Sasa

Kwa Kiswahili cha Nairobi, neno mteja lina maana mbili. Ya kwanza ni mtu anayenunua kwako. Ya pili tulipewa na kampuni za simu: ukipiga nambari iliyozimwa, sauti moja ya upole hukuambia kwamba mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa. Watu wa mtaa wakafupisha. Mtu asiyepatikana kwa simu "ako mteja". Ukiwa unaishi kwa kutengeneza blogu na tovuti za watu, bila kuajiriwa na yeyote, kuna siku maana hizi mbili hukutana. Kazi imeisha, tovuti iko hewani, salio halijalipwa, na mteja ako mteja.

Hapo swali huja, na kwa kawaida huja usiku. Nenosiri bado unalo. Jina la tovuti ulilisajili kwa baruapepe yako. Bofya mara mbili tu na biashara ya yule bwana itatoweka mtandaoni, na kufikia saa mbili asubuhi simu yake itakuwa imepona yenyewe. Je, ni haki kufanya hivyo?

Hapa Ngara, ambako wengi wetu tunafanyia kazi hii kwa laptopu moja, bando la intaneti na chai ya kibandani, jibu hutoka haraka: zima! Akitaka iwake, alipe. Mimi nadhani si haki. Lakini sitaki kufika huko kwa njia ya mkato, kwa sababu wengi wanaosema si haki hawajawahi kumdai mtu shilingi 20,000 huku mwenye nyumba akiwadai wao 12,000.

Tuanze na deni lenyewe. Tuseme tumekubaliana tovuti ya shilingi 40,000, nusu mwanzo na nusu mwisho. Nusu ya mwisho isipokuja, watu husema nimepoteza 20,000. Hesabu hiyo ni pungufu. Kilichokwenda ni siku zangu, na siku hazirudishwi. Muuza sofa asipolipwa anaweza kuja na mkokoteni akabeba sofa yake. Mimi siwezi kwenda kubeba usiku niliokesha nikipanga kurasa. Na wakati nangoja, tokeni za stima nanunua kwa Fuliza, Fuliza ina ada ya kila siku, na ada hiyo nakatwa mimi. Yaani nimemkopesha mtu ambaye hakuniomba mkopo, bila riba, kwa pesa ambazo mimi mwenyewe nalipia.

Ndiyo maana dini zetu hazikuliona jambo hili kuwa dogo. Waislamu wamefundishwa kumlipa mfanyakazi kabla ya jasho lake kukauka. Torati, ambayo Wakristo nao wanaisoma, inakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Hakuna mahali palipoongezwa "hadi Ijumaa boss, kuna pesa naskizia". Kwa hivyo anayedai ana haki ya kukasirika. Kinachobaki kuuliza ni kama haki hiyo ya kukasirika inampa pia haki ya kuzima.

Wanaotetea kuzima wana hoja moja nzuri sana, na hoja hiyo iko pale pale barabarani. Kando ya vibanda vya mitumba vya Ngara kuna mafundi wa cherehani. Unanunua suruali, kiuno ni kipana, unampa fundi aipunguze. Akimaliza hakupi suruali kisha akangoja rehema zako. Suruali iko mkononi mwake, pesa iko mkononi mwako, mnabadilishana. Teremka hadi Kirinyaga Road kwa makanika na mambo ni yale yale: gari halitoki bila malipo. Magazeti yetu hayakosi ilani za gereji zikimwambia mwenye gari fulani aje alipe na kulichukua, la sivyo litauzwa. Kenya ina hata sheria ya bidhaa zisizochukuliwa, Sura ya 38, inayompa fundi njia ya kuuza alichoachiwa baada ya kutoa ilani na kungoja muda uliowekwa. Hakuna anayemwita fundi huyo katili. Basi kwa nini fundi wa tovuti aitwe katili?

Hoja hii ni ya kweli, lakini hadi mahali fulani. Maadamu kazi bado iko mezani kwako, wewe ni fundi kamili. Mteja anaweza kuiona tovuti kwenye anwani ya majaribio, akaigusa, akasema rangi hii siipendi, badilisha. Hujaiweka kwenye jina lake, hujampa faili, watu wa nje hawajaiona. Akichelewa kulipa, ngoja nayo. Akikupigia simu akilia kwamba uzinduzi ni kesho, mwambie kwa heshima kwamba suruali iko tayari na M-Pesa inafanya kazi saa ishirini na nne. Hapo huna dhambi yoyote. Fundi hashiki suruali kwa ubaya. Anashika kwa sababu bado hajaikabidhi.

Mambo hubadilika tovuti ikienda hewani. Tuseme ni ya zahanati ya meno. Wiki ya kwanza wagonjwa wanaanza kuipata. Mwezi wa tatu nambari ya simu iliyo pale ndiyo nambari ambayo mtu mwenye jino linalomuua saa nne usiku anaitafuta. Au tuseme ni ya shule ndogo, na wazazi huangalia hapo tarehe ya kufungua na akaunti ya kulipia karo. Au ni blogu ya mtu anayeandika, na ndani yake mna maandishi ya miaka sita, na kuna msomaji ambaye amehifadhi kiungo cha makala moja kwa sababu ilimsaidia alipofiwa. Watu hawa wote ni wateja wa mteja wako. Hawakukukopa. Hawajui jina lako. Ukizima swichi, wao ndio wa kwanza kuingia gizani, kabla hata mdaiwa hajaamka.

Suruali haina watu kama hao. Suruali iliyo kwa fundi inamkosesha mtu mmoja tu, yule yule anayedaiwa. Kwa hivyo tovuti ikishaanza kutumika, mfano wa fundi unakwisha nguvu, na inabidi tutafute mwingine. Huo nao hauko mbali.

Ngara ilikuwa kwa miaka mingi mtaa wa familia za Kihindi. Leo majengo mengi ya zamani yamegawanywa vyumba na vibanda, na kila kibanda kina mpangaji. Kila mpangaji anajua kinachoweza kutokea tarehe tano ikipita: unafika asubuhi unakuta kufuli la pili juu ya lako. Kwenye mitaa ya nyumba za kulala ni vibaya zaidi. Nairobi nzima imesikia habari za landilodi aliyeng'oa mlango, au aliyepanda juu akatoa mabati, watoto wakiwa ndani. Landilodi huyo mara nyingi anadai haki yake. Kodi ni ya kweli, miezi mitatu imepita, mpangaji ako mteja. Bado tunamwona amekosa, na sheria inatuunga mkono. Wapangaji wengi wa maduka wanalindwa na sheria ya Sura ya 301: mwenye jengo anayetaka kuwatoa lazima atoe ilani rasmi, na mpangaji akipinga, jambo linakwenda mbele ya baraza maalum la kodi za majengo ya biashara. Sheria haikusema kodi ni bure. Ilisema tu kwamba anayedai asiwe yeye huyo huyo anayehukumu na anayetekeleza hukumu, kwa sababu mahali ambapo mtu anaendesha maisha yake hapafungwi kwa hasira ya usiku mmoja.

Tovuti iliyo hewani inafanana na duka kuliko inavyofanana na suruali. Mbunifu anayeizima amevaa viatu vya landilodi, hata kama mfukoni mwake ni maskini kama fundi. Hili ndilo linalotuchanganya. Tumezoea kuona ubabe ukitoka kwa wenye pesa, kwa hiyo tukiwa hatuna pesa tunadhani hatuwezi kuwa wababe. Lakini nenosiri ni mamlaka. Aliyenalo anaweza kumwacha mwenzake nje ya kwake mwenyewe.

Mwezi wa Februari 2013, mbunifu mmoja aliyeifanyia kazi klabu ya mazoezi ya mwili huko San Francisco aliondoa ukurasa wa mbele wa tovuti ya klabu hiyo, akaweka barua kwa wanachama wake akieleza kwamba hajalipwa. Klabu ilikuwa na maelezo yake tofauti. Barua ilisambaa duniani kote, na watu wa kazi hii walishangilia. Najua kwa nini. Kwa mara moja, mtu ambaye huwa anaandika ujumbe na kuachiwa alama mbili za bluu alikuwa na kipaza sauti. Kuna utamu ndani yake.

Ila utamu huo haupimi haki. Aliyeandika barua ndiye aliyekuwa mdai, shahidi na mwenye chumba cha mahakama. Pengine kila neno lake lilikuwa kweli. Lakini mbunifu mwenye madai ya uongo angeweza kufanya jambo lile lile kwa nguvu ile ile, na msomaji asingekuwa na njia ya kuwatofautisha. Mgogoro wa kazi una pande mbili hata pale upande mmoja unapokosea sana. Mteja anaweza kusema kazi ilichelewa mwezi, fomu ya mawasiliano haifanyi kazi, picha ziliibwa kwingine. Akisema hivyo, anastahili mahali pa kusemea kabla ya kuzimiwa.

Kuna jambo lingine ambalo halisemwi sana kibandani. Silaha hii inakata chini, haikati juu. Kampuni kubwa ikizimiwa tovuti, ina wakili, ina mtu wa teknolojia, kufikia mchana imerudi hewani na wewe umepata barua ya kutishwa. Pia Kenya tangu 2018 ina sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta inayokataza kuingilia mfumo au data ya mtu bila idhini, na kupewa nenosiri ili utengeneze si kupewa idhini ya kubomoa. Atakayeanguka kweli ni mama anayeuza vitenge, ambaye oda zake zote hupitia ukurasa ule, na ambaye amechelewesha elfu nane kwa sababu mtoto amelazwa. Zana inayomwogopa mkubwa na kumponda mdogo haifai kuitwa haki, hata ikiwa mkononi mwa mtu anayedai haki.

Sasa nasikia jibu, na ni jibu zito. Maadili haya yako yanalipwa na nani? Ukiniambia nisizime, umemwambia mtu mwenye deni la kodi aendelee kuwa mwema huku aliyemdhulumu analala. Wema wa namna hii siku zote huombwa kwa maskini. Kukopa harusi, kulipa matanga, wahenga walisema, lakini hawakusema aliyekopesha ahudhurie matanga yake pia.

Nakubali uzito huo, tena naongeza mwingine. Mara nyingi mdaiwa mwenyewe ni mdai. Uliza wafanyabiashara waliouzia kaunti au wizara bidhaa na huduma: madeni ya wazabuni serikalini yamekuwa wimbo wa kila bajeti. Mwenye kampuni ndogo ya ujenzi halipi tovuti yake kwa sababu kaunti haijamlipa barabara yake. Deni linateremka ngazi kwa ngazi hadi linapokutana na mtu asiye na wa kumteremshia, na mara nyingi mtu huyo ni kijana mwenye laptopu. Hii haimwondolei mwenye kampuni wajibu. Hakuniambia wakati wa kuagiza kwamba malipo yangu yanategemea kaunti, na kama angeniambia ningeamua mwenyewe kama nitabahatisha naye. Ila inaonyesha kwamba nikimzimia, nimeadhibu ngazi moja tu. Ngazi ya juu haijasikia chochote.

Kwa hivyo kama kuzima si haki, na kunyamaza ni kudhulumiwa, haki iko wapi? Naona iko mwanzoni mwa kazi, mahali ambapo vijana wengi tunaona haya kusimama. Watu wa Pwani wana neno zuri la zamani, arabuni: malipo ya mbele yanayoonyesha kwamba mnunuzi hatanii. Omba arabuni, na usianze bila hiyo. Gawanya malipo katika hatua, ili kila hatua ikilipwa ndipo inayofuata ifunguliwe. Weka salio dogo mwisho, lisiwe nusu. Andika makubaliano, hata ukurasa mmoja, kwa sababu mali bila daftari huisha bila habari. Na uandike ndani yake kazi inakuwa ya nani na lini. Sheria ya hakimiliki ya Kenya ya 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Usipoandika kwamba inahamia malipo yakikamilika, umeacha mlango wazi wewe mwenyewe.

Na akikataa kulipa baada ya hayo yote, kuna Mahakama ya Madai Madogo. Sheria yake ni ya 2016, ya kwanza ilifunguliwa Milimani mwezi wa Aprili 2021, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na kesi inatakiwa kuamuliwa ndani ya siku 60. Sitakupamba: utapoteza asubuhi kadhaa, utachapisha jumbe zako za WhatsApp, na kushinda kesi ni jambo moja, kutoa pesa mfukoni mwa mtu ni lingine. Lakini pale kuna mtu wa tatu. Mteja anaulizwa na mtu ambaye si wewe, na wewe pia unaulizwa. Ukitoka na hukumu, huyo uliyemshinda hawezi tena kusema ni maneno ya kijana mwenye hasira.

Haya yote yanamaliza sehemu moja tu ya swali, ile ya sisi tunaodhulumiwa. Kuna sehemu ya pili. Majina ya tovuti ya Kenya, yale ya kuishia na .ke, husimamiwa na KENIC na kusajiliwa kupitia kampuni zilizoidhinishwa, na hulipiwa upya yakikaribia kuisha. Jina linamtii yule aliyeandikwa kwenye usajili. Sasa wengi wetu tukipewa kazi tunajiandika sisi. Wakati mwingine ni kwa urahisi, maana mteja hajui hata baruapepe yake. Wakati mwingine, tuseme ukweli, ni kama dhamana: acha nishike hii, huwezi jua. Mteja analipa 40,000 zote, anashukuru, anatutumia wateja wengine. Hajui kwamba amenunua duka ambalo hati yake ina jina la mtu mwingine. Atajua siku atakayotaka kuhama, au siku jina litakapoisha muda na ilani ya kulipia ikaenda kwenye baruapepe ambayo mwenyewe tumeacha kuifungua.

Na tunahama, sisi. Tunapata kazi ya mshahara, tunakwenda Qatar, tunabadilisha laini. Mwenye zahanati ya meno anapiga simu kwa sababu tovuti haifunguki, na sauti ile ya upole inamjibu. Kwake yeye, aliyelipa kila senti kwa wakati, sisi ndio tuko mteja. Hakuna anayeandika barua ya kusambaa dunia nzima juu ya hilo, kwa sababu aliyedhulumiwa hajui jinsi ya kuandika kwenye ukurasa wa mbele. Ufunguo tunao sisi.

Kiswahili kina neno kwa kitu cha mtu kilicho mkononi mwako bila kuwa chako: amana. Amana haibadiliki kuwa mali yako kwa sababu mwenyewe hajui thamani yake, wala kwa sababu amekukosea katika jambo jingine. Tunadai tulipwe kwa kuwa tumefanya kazi ambayo mteja hawezi kuikagua kwa macho yake. Anatuamini tu. Ni imani hiyo hiyo inayomfanya atuachie funguo zote. Hatuwezi kuidai imani hiyo inapotuletea pesa, kisha tuigeuze pingu inapotufaa.

Kwa hiyo mimi nina kipimo kimoja, na hakihusu pesa wala mahakama. Tuseme usiku wa leo bodaboda inateleza na wewe pale Murang'a Road, na kesho simu yako haishikwi na mtu. Wale wote waliokulipa, wataingia kwao? Kama jina la tovuti ni lao, nenosiri wanalo, na karatasi yenye maelezo iko kwenye droo yao, kazi yako imekamilika, na anayekudhulumu unaweza kumshtaki mchana kweupe. Kama hawawezi kuingia bila wewe, kuna deni mahali, na hilo si lao.